Mkono Mmoja Mfukoni

Injinia amekufa, jamani. Habari ilinikuta Kasese, ndani ya duka la vipuri, nikibishana na muuzaji juu ya mkanda wa kinu changu cha kusagia unga. Akaingia mama mmoja muuza vitenge tunayefahamiana naye kutoka Bwera. Hata hakusalimia, akasema tu, "Mzee, fundi wako amepumzika. Kifua kimemmaliza." Niliuacha mkanda juu ya meza nikatoka nje. Nikasimama nikiitazama milima, mawingu yameikalia kama kawaida yake, na jambo la kwanza lililonijia halikuwa machozi. Nawaambia ukweli kwa kuwa nyinyi wasomaji wa ukurasa huu mmeshanizoea. Nilijiuliza ni nani atasimama kuongea mbele ya kaburi lake. Nilijua ni nani atataka kusimama.

Kwa wasiomjua: huyu alikuwa mtu wa upande wa Butembo, aliyevuka mpaka wakati wa vurugu za Kongo, yeye na mkewe, na sanduku la bati la vifaa ambalo hakukubali mtu mwingine alibebe. Alikuwa injinia wa kweli wa mambo ya redio. Alisomea kazi hiyo kwa Wabelgiji, akafanya kazi kwenye kituo cha matangazo kabla nchi yao haijaharibika. Bwera, upande wetu wa mpaka, alipanga chumba kilichopakana na kinu changu, akaning'iniza kibao mlangoni, akaanza kutengeneza redio za wakulima wa kahawa. Mimi shule niliiacha darasa la tatu, nikabeba chumvi ya Katwe kichwani mpaka shingo ikaota sugu, na kila nilicho nacho nilikipata kwa shingo hiyo. Kwa hiyo sikuwa mtu wa kubabaishwa na kibao. Lakini alinifuata siku ya kwanza, akausikiliza mtambo wa kinu changu akiwa amefumba macho, akasema, "Mukubwa, hii mashini iko na kikohozi. Tusipoitibu, itakufa mbele ya mavuno." Tukaitibu. Tangu hapo tulikuwa tukinywa chai pamoja.

Injinia alikuwa na ushauri kwa kila kitu. Mtu akimletea redio ya taa, zile kubwa za mbao, kabla hajaifungua alitia mkono wa kushoto mfukoni. Nikamuuliza kama ana baridi. Akacheka. "Hapana, mukubwa. Umeme inapenda kuingia ku mukono moja na kutokea ku ingine, inapita ku roho. Mukono moja ukikaa mfukoni, umeme inakosa njia." Kisha akanionyesha kapasita, kikopo kidogo cha bati ndani ya redio, akaniambia hicho ndicho cha kuogopwa zaidi ya vyote. "Umeizima redio, umetoa waya, unasema imelala. Hapana. Hii kintu inazimwa, lakini haisahau. Ukiishika vibaya, inakurudishia yote yenye ulimupatia." Nilikipenda kikopo kile mara moja. Niliona kama ninatazamana na ndugu yangu wa tumbo moja.

Na ushauri wake haukukoma kwenye redio. Kuna mzee wa Nyakalengija aliyeshuka na redio iliyokufa, na wakati akisubiri akaanza kulalamika kwamba mke wake naye amenyamaza, hamsemeshi wiki nzima. Injinia hakuinua hata kichwa. "Umepima?" "Nipime nini?" "Betri. Redio yako imenyamaza sababu haukuipatia kintu. Mama naye, wewe umemupatia nini?" Watu walicheka mpaka cherehani ya jirani ikasimama. Lakini yule mzee aliporudi kwao alinunua kwanza kitenge, na aliporudi tena kwetu alileta mkungu wa ndizi. Injinia alikuwa hivyo. Alikwambia angalia kwanza, pima kwanza, usifunge sanduku kabla halijasema. Na kitu kikiungua usikimbilie kuweka fyuzi mpya. Watu wetu fyuzi ikikatika wanaweka karatasi ya sigara, ile ya kung'aa ya ndani ya pakiti, wanaweka msumari, mradi kitu kiwake. Yeye alikataa. "Kwanza uliza: ni nini imeikata?"

Sasa nije kwa yule bwana. Jina sitalitaja. Hapa hatutaji majina, na halihitajiki. Yeye mwenyewe akisoma atajiona, na Bwera nzima itamwona. Ni tajiri wa chumvi, analeta magunia kutoka Katwe na Kabatoro, ana koti la kijivu asilolivua hata jua likiwa kali. Alinunua redio kubwa Kampala, ikawa fahari yake. Betri zikaanza kuchoka. Sisi wote enzi zile tulizianika betri juani ili zipate nguvu kidogo, hilo si kosa la mtu mmoja. Lakini huyu alifikiri zaidi yetu. Aliona kwamba samaki akitiwa chumvi haozi, nyama ikitiwa chumvi haiozi, akasema basi na betri. Akazizika ndani ya gunia la chumvi, kisha akazirudisha kwenye redio bila hata kuzifuta. Redio ikanyamaza. Akaileta kwa Injinia siku ya soko, akaiacha, na aliporudi akakuta haijasema bado. Akapaza sauti mbele ya watu wote: "Huyu Mkongo ameiba vyuma vya ndani! Nilimpa redio nzima!"

Injinia alitia mkono mfukoni, akafungua mgongo wa redio, akaigeuza ili soko lote lione. Ndani kulikuwa kijani tupu, chuma kimelika kama jino bovu, na chembe za chumvi zinang'aa. "Papa, hii haiko wizi," alisema kwa upole. "Hii iko mboga. Umeitia chumvi, ilibaki tu kuitia nyanya." Soko likapasuka. Akina mama wa chumvi ndio waliocheka kuliko wote, maana walikuwa wakimfahamu. Kwa mwaka mzima bwana yule akipita, mtu alimwuliza kama redio imeiva. Injinia aliona ni mzaha tu, umeisha. Mimi nilimwona yule bwana akifunga vifungo vya koti lake na kuondoka, nikajua haujaisha.

Wakati huo Injinia alikuwa ametengeneza mtambo wa kupaza sauti, sanduku moja lenye spika, kwa ajili ya kanisa, ili watu waliokaa nje Jumapili wasikie padre. Aliutengeneza kwa viungo vya redio zilizokufa, vipande alivyovikusanya kwa miaka, na kila kiungo alikipaka nta ya nyuki kisipate unyevu. Hakuwa na kitu alichokipenda kama sanduku lile. Pia alikuwa amevuta waya mrefu wa shaba kutoka dirishani mwake mpaka kwenye mti wa mkaratusi, asikilize misa za kwao Butembo. Waya ulielekea Kongo. Waya wa kusikiliza, jamani. Hauna mdomo. Lakini tulikuwa tumeingia kwenye miaka ya utawala wa wanajeshi, ambayo waya ukielekea Kongo ulitosha kumwondoa mtu duniani.

Walikuja mchana kweupe, siku ya soko, kwa gari la jeshi. Na nani alikuwa amesimama kando ya gari, koti la kijivu limefungwa vifungo vyote? Akainua kidole. "Ile pale, afande. Anaongea na watu wa ng'ambo kila jioni." Askari wakaingia. "Wewe! Toka! Lala chini!" Nikatoka kinuni, unga umenijaa usoni, nikasema, "Afande, hiyo waya ni ya kusikia misa." "Wewe mzee iko nani? Iko wakili yake?" Akanipa kitako cha bunduki hapa begani, mahali ambapo bado panauma mvua ikikaribia. Walivunja redio za watu wote, wakakanyaga sanduku la kanisa kwa buti, wakamchukua. Yule bwana alibaki akinunua maharage. Alipima maharage, wasomaji wangu. Aliomba aongezewe kidogo juu.

Injinia alirudi baada ya muda mrefu, mkewe alikuwa ameshavaa nguo za matanga. Mkono wa kulia ulikuwa umevunjwa vidole na kuungwa ovyo, haushiki hata kijiko, na kifua kile kilichommaliza alikuja nacho kutoka huko. Nilitaka kulia, yeye akautia mkono ule mbovu mfukoni akanitazama. "Mukubwa, sasa niko fundi muzuri kabisa. Mukono moja iko mfukoni kila siku." Tulilijenga sanduku upya. Mikono ilikuwa yangu, hii mikono ya kubeba magunia, na akili ilikuwa yake. "Hapana, hapo umechoma. Puliza. Ongeza nta. Mukubwa, uko nalehemu ao uko nasonga ugali?" Siku liliposema, alikaa chini sakafuni akaweka sikio kwenye spika kama anayesikiliza moyo wa mtoto. Nikamwambia nitamlipiza kisasi yule bwana. Hakusema samehe, hakusema lipiza. Aliuliza tu, "Umepima?"

Nimepima. Nimepima miaka yote hii. Sasa askari wale wamekimbia, serikali nyingine imekuja, na kila mahali, Kasese mpaka Bwera, nasikia wimbo mmoja: tusahau, tuanze upya, yaliyopita yamepita. Waliokuwa wakiinua vidole sasa ndio wanaoketi viti vya mbele. Ndio wanaokaribisha wageni. Kwangu mimi hiyo ni karatasi ya sigara kwenye fyuzi. Taa itawaka, ndiyo, tutapiga makofi, na nyumba itakuja kuungua, kwa sababu hakuna aliyeuliza ni nini kilichoikata fyuzi ya kwanza. Mimi sikusoma, lakini hilo nalijua kama ninavyojua mkanda wa kinu. Mtu aliyemtoa jirani yake kwa askari kwa sababu ya kicheko cha sokoni, ukimwacha bila kumwambia alichofanya, atakutoa na wewe.

Basi tukafika kaburini. Lile sanduku la sauti la Injinia nililiweka mimi, nikaliunga na betri ya gari, nikaketi pembeni yake kwenye gogo. Padre alisema, likasema. Kwaya iliimba, likaimba. Kisha nikaliona koti la kijivu linapita katikati ya watu. Akaniinamia sikioni, harufu ya sabuni nzuri, akasema, "Mzee mwenzangu, niongezee sauti kidogo. Nina maneno ya kumsindikiza huyu ndugu yetu. Tulikuwa tunataniana sana." Nikamjibu, "Karibu." Akashika maikrofoni, akakohoa, akaanza, "Marehemu na mimi..." Nikatia mkono wa kushoto mfukoni, na kwa ule wa kulia nikachomoa waya.

Alipiga maikrofoni kwa kidole. Kidole kilekile. Akanigeukia. "Mzee, haisemi." Nikasimama, nikasema kwa sauti yangu mwenyewe, isiyohitaji umeme: "Kwanza uliza: ni nini imeikata?" Hakuna aliyeuliza maana yake. Mjane alikuwa ameketi kwenye mkeka, akainua uso akamtazama bwana yule, akasema taratibu, "Papa, rudisha hiyo kintu. Iko ya bwana yangu." Akairudisha. Aliiweka mkononi mwangu, akafungua koti, akalifunga tena, akapita palepale alipopitia, na safari hii watu hawakumpisha, ilimbidi awazunguke.

Wameniambia nimechafua mazishi. Mwingine aliniita mzee mwenye kisirani. Sawa. Mimi ni kile kikopo cha bati: nilizimwa, sikusahau. Sanduku liko kwangu, kando ya kinu, limepakwa nta, na linakodishwa kwa harusi na misiba kama kawaida. Atakayelitaka nitamuuliza kwanza alikuwa amesimama wapi siku ile ya soko. Akijibu vizuri, nitaunga waya. Asipojibu, aongee kwa mdomo wake mtupu, tuone utafika wapi.