Jukwaa Lisilofungwa

Baba Mkubwa hakuwahi kuua hata kuku, na alipenda tulijue hilo. Amri zote kumi alizikariri kanisani bila kufungua kitabu, huku akitutupia jicho sisi wa viti vya nyuma. Mimi alinichosha. Mtu anayejisifu kwamba hajaua ana lake jambo.

Kazi yake ilikuwa kufunga majukwaa ya ujenzi, yale ya miti na mbao ambayo mafundi husimama juu yake. Baba yangu, mdogo wake, alipiga plasta. Walifanya kazi kwenye jengo moja na hawakusemezana. Siku ya kumzika bibi, Baba alimwambia kaka yake mbele ya waombolezaji kwamba alimwacha mama yao afe peke yake. Tangu hapo, wakitaka kuambiana jambo, walimtuma mchanganya zege mmoja aliyepewa jina la Kipaza.

"Mwambie huyo anipishe."

"Na wewe mwambie ana macho, apite."

Mafundi walicheka mpaka wakazoea. Mimi sikucheka, maana nyumbani, ambako tulibaki wawili tu mimi na Baba, kaka yake aliitwa "yule" hata kwenye sala.

Pale kazini hapandi mtu mpaka Baba Mkubwa agonge mti kwa nyundo na kusema, "Pandeni." Asubuhi moja alikuwa amemaliza upande mmoja. Upande wa pili kamba zilizungushwa tu, hazijakazwa. Baba akaja na ndoo yake, akaanza kupanda. Baba Mkubwa akageuka kumtafuta Kipaza, na Kipaza siku hiyo hakuja, jino lilikuwa linamsumbua. Neno lilikuwa moja tu, "Bado." Akalimeza. Akasimama na nyundo yake mkononi, akatazama.

Ubao ukateleza. Baba akadaka fremu ya dirisha, akaning'inia mpaka wenzake wakamshusha, mkono umechunika hadi kwenye kiwiko. Watu wakamshukuru Mungu. Baba Mkubwa akajiambia kwamba hakumgusa mtu, na kwamba anayepanda kabla ya kuruhusiwa amejitakia. Kwa amri zake kumi, huna pa kumshika.

Jumapili mchungaji akahubiri kwamba Yesu hakuja kuifuta amri ya kale ya kutoua, alikuja kuitimiza. Amri ilikuwa inauzuia mkono. Yesu akaingia ndani zaidi, hadi kwenye hasira ambayo mtu anaifuga moyoni juu ya ndugu yake. Na sadaka ya mtu wa namna hiyo, akasema, ingoje kwanza mpaka akapatane na ndugu yake. Waliokuwepo wanasema Baba Mkubwa aliinuka, akaiacha bahasha yake juu ya benchi, akatoka.

Nilikuwa nambadilishia Baba bandeji alipoingia bila hata hodi.

"Mdogo wangu," alisema. Nilikuwa nimesahau kwamba anaweza kumwita hivyo. "Nilikuona unapanda. Nilijua kamba hazijakazwa. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka uanguke. Nimekuua, ila tu hukufa."

Nilimchukia wakati ule kwa moyo wangu wote. Nikamgeukia Baba, nikingoja amfukuze.

"Unadhani nilipanda kwa kutojua?" Baba alisema taratibu. "Miaka yote hii nasimama juu ya kamba zako, nisizijue? Niliziona zimelegea nikiwa bado chini. Nikasema, acha nianguke mbele yake. Abaki na maiti yangu mpaka na yeye afe."

Baba Mkubwa akatafuta kiti kwa mkono, akakaa. Wote wawili walikuwa wanahema kama watu waliotoka kubeba mzigo.

"Na huyu mtoto?" aliuliza, akininyooshea kidole. "Huyu ungemwachia nani?"

Bandeji ilikuwa bado mkononi mwangu. Baba alitazama mlango, akatazama sakafu, akamtazama kaka yake. Mimi hakunitazama.