Dawa Tuliyoipulizia Sumu

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ilikuwa Jumapili ya kiangazi, hapa hapa Ganako. Upepo ulikuwa umeingiza vumbi jekundu mpaka ndani ya vyungu. Nilikuwa mama kijana wakati huo, mtoto wangu wa mwisho bado wa mgongoni. Nilitoka kanisani nikapita kwa kaka yangu Gwandu kumjulia hali, nikamkuta wifi yangu Basilisa amechuchumaa nyuma ya jiko, katikati ya mbaazi, anageuza majani ya mmea ambao sikuwahi kuuona kwenye bustani yake.

Hakushtuka aliponiona. Aliniita kwa mkono, akasema taratibu, "Njoo uone, wifi. Wananimalizia dawa ya kaka yako."

Chini ya kila jani kulikuwa na wadudu wa kijani waliojipanga kama shanga, na majani mengine yalishaanza kuwa na madoadoa ya manjano. Lakini mimi macho yangu hayakuwa kwa wadudu. Mmea ule niliujua kwa kusikia tu. Ilikuwa bangi, miche michache, imefichwa vizuri kwenye mbaazi kiasi kwamba mtu aliyepita njiani asingeiona.

Ngoja nikueleze tulifikaje hapo, usije ukamhukumu wifi yangu kabla hujamjua.

Gwandu alikuwa kifungua mimba wa nyumba yetu, mimi kitinda mimba. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyenisomesha. Alikuwa mkulima hasa. Alilima na ng'ombe wake, na watu walisimama barabarani kuangalia mistari yake ilivyonyooka. Kisha akashikwa na saratani. Ilianzia kwenye tezi dume, na hadi hospitali wanaigundua, ilishaingia kwenye mifupa ya mgongo. Walimtibu kwa walichoweza, wakatuambia tumpeleke nyumbani akapumzike, turudi kliniki kila tukipangiwa.

Neno hilo "akapumzike" sisi tulilielewa vibaya. Tulidhani wamekata tamaa naye.

Tukarudi kliniki mara ya kwanza. Daktari, mama mmoja mtu mzima mwenye miwani, akamuuliza, "Mzee, maumivu yakoje?" Gwandu akakaa wima kwenye kiti, akajibu, "Kidogo tu, daktari. Naendelea vizuri." Sisi Wairaqw, wanaume wa rika lake walilelewa hivyo. Mwanaume halalamiki mbele ya mwanamke asiye wa kwake. Basilisa alikuwa kasimama pale pale, akajua ni uongo, maana mumewe alikuwa akiuma blanketi kila alipogeuzwa kitandani. Hakusema. Asingeweza kumuumbua mume wake mbele za watu. Basi tukatoka na panadoli, na baada ya hapo Gwandu akakataa kurudi tena, akasema barabara inamvunja mgongo.

Basilisa alikuwa akifua mashuka kwenye kambi moja ya watalii, njia ya kupandia Ngorongoro. Huko alikutana na mgeni mmoja, bibi wa Kizungu aliyetembelea fimbo. Kupitia kwa dereva aliyetafsiri, yule bibi akamweleza kwamba kwao mmea huu huandikwa na daktari, na yeye mwenyewe unamtuliza mifupa. Wifi yangu aliibeba habari ile mpaka nyumbani. Mbegu alizipata wapi, sikuuliza, na wewe usiniulize.

Nikidanganya nitakuwa sikusaidii, kwa hiyo nitasema nilivyoona. Aliyachemsha majani kwa maziwa na majani ya chai. Kuna siku Gwandu alikunywa akalala, akaamka akaomba ugali. Kuna siku nyingine alikunywa akaogopa, akasema nyumba inazunguka na marehemu baba yuko mlangoni. Kwa mtu aliyekuwa haponi wala halali, hata siku moja njema ilitosha kumfanya mkewe aendelee.

Sasa turudi kwa wale wadudu.

Basilisa alijua kutunza bustani. Alianza kwa kuwabinya kwa vidole kila asubuhi. Akapuliza maji ya sabuni. Akanyunyiza majivu. Akatwanga utupa, ule mti ambao wazee wetu waliuweka kwenye mahindi ghalani kuzuia wadudu, akauloweka, akaupuliza pia. Wadudu walipungua, siku chache wakarudi. Angekuwa na subira wangekwisha, maana kwenye sukuma wiki njia hiyo hiyo ilimfaa miaka yote. Lakini mgonjwa ndani analia, majani yanapukutika, subira angeitoa wapi?

Akaenda kwa jirani yetu Safari, aliyekuwa na shamba la vitunguu kule bondeni Eyasi. Safari akampimia dawa ya shambani kwenye chupa ya soda. Haikuwa na lebo, wala maelezo. Nilikuwepo alipoileta. Alipofungua kifuniko harufu ilinipanda hadi kwenye ubongo, nikamrudisha mtoto nyuma.

"Wifi, hii si kali mno?" nilimuuliza.

"Ni ya vitunguu. Vitunguu si tunakula?"

Nilikaa mbali na mvuke wa pampu aliyoitumia, nikamwangalia anavyopuliza, akigeuza kila jani kwa uangalifu kama anayemwogesha mtoto. Hakuwa na glavu wala kitambaa puani. Wadudu walikufa wote. Alifurahi sana, akaniambia, "Umeona? Wamekwisha." Baada ya siku chache akachuma, akaosha kwa maji, akachemsha.

Nilikuwa uani kwao namenya viazi aliponiita, kaka akiwa ameshakunywa. Nilimkuta kaka yangu amelowa jasho kama aliyenyeshewa. Mate yalikuwa yanamtoka bila kukoma, anatapika, kifua kinakoroma, misuli ya mikono inarukaruka yenyewe. Mboni za macho zilikuwa ndogo kama tundu la sindano. Tukampakia kwenye gari la jirani, tukamkimbiza mjini.

Alikuwepo daktari yule yule wa miwani. Akammulika machoni, akamnusa mdomo, akatugeukia. "Amekunywa nini? Kuna dawa ya shamba nyumbani?"

Basilisa akasema, "Hapana, daktari. Chai tu."

"Mama, fikiri vizuri. Chai ya nini?"

"Chai ya kawaida."

Mwanangu, nilikuwa nimesimama bega kwa bega na wifi yangu, na mimi nilikaa kimya. Nilifikiria polisi. Sheria yetu hairuhusu hata mche mmoja, iwe kwa ugonjwa au kwa jambo lolote, na kila mtu hapa alikuwa anamjua fulani aliyefungwa kwa hilo. Niliwafikiria watoto wa kaka: baba kitandani, mama gerezani. Daktari akatuangalia, kisha akaondoka kumwekea dripu, huku anamwambia nesi wajaribu hivi na wasubiri waone.

Nilimvuta Basilisa nje, penye bomba wanapofulia ndugu wa wagonjwa.

"Wifi, nikisema wananifunga," akasema.

"Na usiposema?"

Akafungua bomba, akanawa uso, akaufuta kwa khanga. Alirudi ndani peke yake, kwa mwendo wa haraka, na nilipomfikia alikuwa tayari amemshika daktari mkono wa koti.

"Ni bangi," alikuwa anasema, na wagonjwa wengine wanasikia. "Niliipanda mwenyewe kwa ajili ya maumivu yake. Nikaipulizia dawa ya vitunguu. Nimempa mimi. Mfanyieni mnachoweza, halafu mniite mnaponitaka."

Daktari hakupandisha sauti. "Jina la dawa?"

Hatukulijua. Chupa ya soda haisemi. Ikabidi nimpigie Safari, naye kwa woga akaanza kuzungukazunguka, mara haikumbuki, mara hajawahi kutupatia kitu. Nililia kwenye simu. Nilimwambia kama Gwandu atakufa nitaileta maiti mlangoni kwake. Ndipo akaenda stoo akanisomea jina kwenye kopo, herufi moja moja, nami nikalitamka kwa daktari hivyo hivyo. Wakamchoma sindano, wakarudia, wakarudia tena. Jioni koromo la kifuani likaanza kutulia.

Kaka alipopata nafuu ya kuongea, daktari alivuta kiti akakaa karibu na kitanda. Basilisa na mimi tulisimama miguuni.

"Mzee, kliniki nilikuuliza juu ya maumivu. Ukaniambia kidogo."

"Nilisema hivyo," kaka akajibu.

"Yalikuwa kidogo?"

Gwandu akaangalia dari. Kisha nikaona machozi ya kaka yangu, ambayo sikuyaona hata siku tulipomzika mama. "Daktari," akasema, "ni kama wananilima mgongoni."

Yule mama aliinuka, akaenda, akarudi na kichupa kidogo cha dawa ya maji. Akatueleza kwamba ni dawa ya maumivu makali, ya wagonjwa kama yeye, inatolewa kwa kipimo na kwa uangalizi. "Hii haikuletwa leo," akasema. "Imekuwa kwenye kabati letu muda wote mliokuwa mnahangaika na miche yenu. Mngesema, ningewapa. Mlimwonea huruma mgonjwa, lakini mlikuwa na aibu, na aibu yenu ndiyo iliyomtesa." Halafu akamgeukia wifi. "Ile miche, sitaki kuisikia tena. Mimi namtibu mtu. Serikali sina uwezo wa kuizuia."

Tuliing'oa na kuichoma tulipofika nyumbani, ile chupa ya soda tukamrudishia mwenyewe. Polisi hawakuja. Maneno ya watu ndiyo yaliyokuja, maana wodi ina masikio. Kule kambini hawakumwita tena Basilisa kufua, na kanisani baadhi ya wanawake walisogea pembeni alipokaa.

Sumu ile ilimwachia Gwandu udhaifu wa miguu, hakutembea tena vizuri. Lakini alipoanza ile dawa ya kichupa alilala. Alikaa nje kwenye kiti, mgongo kwenye jua, anatania wapita njia na kuwakosoa vijana waliolima upande wa pili wa korongo. Siku moja nimemletea makande, alikula, akaweka sahani chini, akaniambia, "Martina, kumbe ningeweza kuwa hivi toka mwanzo." Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira.

Alifariki kabla mbaazi hazijakomaa, mkewe akiwa amemshika kichwa. Alikuwa ameshamsamehe, alilisema mbele yetu sote, kwamba hakuna mwanamke aliyempigania mume kama Basilisa. Lakini wifi hakujisamehe. Bustani ile aliiacha ikawa nyasi. Kila nilipomshauri apande hata mchicha, aliniambia, "Mikono yangu siiamini, wifi." Mpaka leo ni mzee kama mimi, na mboga ananunua sokoni.

Mimi nami nina langu. Nilisikia harufu ya ile chupa. Niliuliza swali moja, nikajibiwa, nikaridhika. Na pale wodini nilimwachia yeye mzigo wa kusema, wakati ulimi ninao.

Nakwambia haya kwa sababu najua ninyi mnasoma mengi kwenye simu. Mnasoma kwamba mmea fulani huko nje ni dawa, na huenda ni kweli huko, penye daktari anayepima na sheria inayoruhusu. Hapa kwetu ukipanda nyuma ya jiko, unapanda kwa kujificha, na ukishaanza kujificha huna wa kumuuliza. Humuulizi bwana shamba kuhusu wadudu. Humuulizi daktari kuhusu kipimo. Unabaki na jirani na chupa ya soda.

Kwa hiyo ukiwa na mgonjwa anayeumia, mwanangu, nenda hospitali useme anaumia, na yeye akijikaza mbele ya daktari, sema wewe. Atakasirika, atapoa. Uliza kama kuna dawa ya maumivu, na ukiambiwa hakuna, uliza wapi ipo. Kama kuna chochote alichokunywa nyumbani, kiwe cha halali au cha haramu, kitaje siku hiyo hiyo bila kungoja uulizwe mara ya pili. Na bustani yako, hata ikiwa ya mchicha tu, usiipulizie kitu usichokijua jina. Dawa ya duka inunue kwenye kopo lake, usome, usubiri siku zilizoandikwa kabla hujachuma. Wadudu wakikushinda, waachie msimu huo wale. Jani litaota jingine.

Nenda sasa. Mungu akuepushe na maumivu ya mtu unayempenda, na kama hayaepukiki, akupe mdomo wa kuyasema mapema na mtu mwema wa kukusikia. Akubariki shambani, akubariki mezani, na wale watakaokula kutoka mikononi mwako wainuke wakiwa wazima.