Basi la Kiangazi Lilivyorudi Mchangani

Nikiwaambia wenzangu wa ofisini Mtumba kwamba nimekulia ufukweni, hucheka. Dodoma na ufukwe wapi na wapi! Lakini kijiji chetu cha Mchangani kilikaa ukingoni mwa bwawa, na upande wetu maji yaliacha mchanga mpana ambao asubuhi ulikuwa wa baridi na saa saba mchana ukiunguza nyayo. Ulinuka perege waliokuwa wakikaushwa juani, matope, na mbuzi walioshuka kunywa maji. Mvua zikishakatika, harufu ya dizeli nayo iliongezeka, na sisi watoto tuliipenda kuliko zote, kwa sababu ndiyo iliyotuambia kwamba basi la kiangazi limefika. Lilikuja kila Jumatano na Jumamosi, bluu, mlango wake umefungwa kwa kamba. Lilileta kwaya za kanisa, wanafunzi waliokuja kuogelea na waumini waliokuja kubatizwa majini. Lilipogeuza kurudi mjini liliwabeba akina mama na vikapu vyao vya samaki, na wagonjwa. Masika yalipoingia, korongo lililokata barabara yetu lilijaa maji, basi likapumzika. Hatukuona ajabu. Tulijua litarudi.

Mwaka nilipotimiza miaka tisa halikurudi. Mvua za mwaka ule zilikuja kwa hasira, zikang'oa kivuko cha mawe kilichokuwa kwenye korongo na kuacha mchanga mtupu, laini kama unga. Dereva, ambaye basi lilikuwa lake mwenyewe, aliitwa Bwana Iddi, mtu wa Kondoa, mrefu, mpole, havui kofia yake ya kufuma hata jua likiwaka namna gani. Alikuja mara moja kwa miguu, akaingiza mguu kwenye mchanga ule, ukazama hadi shavu la mguu. Akautoa, akakung'uta kiatu, akasema maji basi lake huyasubiri yapungue, lakini mchanga haupungui. Basi akalihamishia njia nyingine. Kiangazi kizima ufukwe ukawa kimya. Samaki walioza vikapuni, na sisi watoto tulicheza mchezo wa basi kwa kupanga mawe, mmoja wetu akiunguruma mbele.

Aliyeumia kuliko wote nyumbani kwetu alikuwa bibi, mama yake mama yangu. Macho yake yalikuwa yakifunga ukungu. Mwanzoni alinituma nimtungie uzi kwenye sindano, baadaye akaanza kumwaga uji nje ya bakuli, na kiangazi kile kilipokwisha alikuwa ananitambua kwa nyayo zangu tu. Mganga wa zahanati alisema ni ugonjwa wa mtoto wa jicho, na kwamba hospitali ya mjini huuondoa kwa upasuaji mdogo tu. Kazi ilikuwa kufika huko. Kwa miguu ni safari ya siku nzima kwa mtu mwenye nguvu zake. Mjomba alijaribu kumpakia kwenye baiskeli, wakaangukia korongoni, bibi akaumia nyonga. Jirani alipotaka kumpeleka kwa mkokoteni wa punda, bibi alishika nyonga yake akasema, "Mimi si gunia la mtama. Nikifika mjini kwa hicho, watanipasua kila mahali." Tukacheka, lakini nilimwona mama akigeukia ukutani.

Mwaka uliofuata, tulipomaliza kuvuna, kulikuwa na mkutano wa kijiji. Wanaume walizungumzia mifugo iliyoingia mashambani, wakazungumza mpaka watu wakaanza kusinzia. Mama yangu hakuwa mtu wa kusimama mikutanoni. Siku ile alisimama huku mikono yake imeshika kanga kwa nguvu. "Tunalisubiri basi," alisema. "Mwaka jana tulilisubiri. Mwaka huu tunalisubiri. Mawe yako mlimani pale, na mikono tunayo. Kwa nini tusijaze korongo wenyewe?" Mtu mmoja akauliza na basi lenyewe nani atalileta. Mama akajibu, "Nitalifuata." Kesho yake alfajiri aliondoka kwa miguu na wanawake wawili, wakarudi siku ya tatu, miguu imevimba, wakiwa na Bwana Iddi. Alipima korongo kwa hatua zake, akachomeka fimbo mchangani. "Mkinipa mawe mpaka usawa wa fimbo hii, upana wa basi na ziada kidogo, Jumamosi ya tatu kuanzia leo mtaniona. Nikikuta hayatoshi, nageuzia hapo hapo. Basi hili ndilo shamba langu."

Sijawahi tena kuona kijiji kikifanya kazi namna ile. Wanaume walivunja mawe mlimani, wanawake waliyabeba kwa vichwa, na sisi watoto tulijaza mchanga kwenye magunia, tukashindana nani gunia lake litanenepa haraka. Tuliimba mpaka sauti zikakauka. Siku ya pili bibi aliniita. "Niweke mkono begani kwako, unipeleke mlimani." Nikamwambia bibi huoni. Akasema, "Jiwe linaonwa kwa kichwa kinachobeba." Basi kila siku tulikwenda pamoja, mkono wake wa kushoto begani kwangu, wa kulia umeshika jiwe kichwani, mimi nikiita, "Shimo, bibi! Mwiba! Sasa panda!" Tulikuwa wa mwisho kila safari. Alipoliachia jiwe lake korongoni, aliinamisha sikio kusikiliza lilivyoangukia, kisha akasema, "Limekaa."

Jumamosi ya tatu hakuna aliyekunywa chai akaimaliza. Tulijipanga ukingoni mwa korongo tangu jua kuchomoza, na ilipokaribia saa nne tukasikia mngurumo, kisha tukaona vumbi, kisha bluu ile! Nilipiga kelele mpaka masikio yangu mwenyewe yakaziba. Basi lilisimama upande wa pili. Bwana Iddi akashuka, akatembea juu ya mawe yetu akiyapiga kwa kisigino. Akawaambia abiria washuke, akarudi kwenye usukani, akaliingiza. Magurudumu ya mbele yalipita. Basi zima lilikuwa karibu kutoka upande wetu pale jiwe moja lilipoteleza, gurudumu la nyuma likadondoka mchangani, likaanza kuzunguka bure na kujichimbia. Kila alipokanyaga mafuta lilizidi kuinama. "Mbao!" Bwana Iddi alipaza sauti kutoka dirishani. "Nani ana mbao?"

Hakuna aliyekuwa na mbao. Nilipogeuka kumtafuta mama, nilimwona akikimbia kuelekea nyumbani, kanga inapepea. Alirudi amebeba mlango wa nyumba yetu kichwani. Mlango wenyewe, na bawaba zake! Aliubwaga mbele ya gurudumu, akapiga magoti kuusukumia chini kwa mikono. Mjomba aliutazama mlango ule kidogo, kisha naye akakimbia. Baada ya muda milango ilikuwa inashuka kutoka kila upande wa kijiji, mizuri na mibovu, mmoja ukiwa bado na kufuli. Tukaipanga, tukaweka mabega nyuma ya basi, bibi naye akiwa kati yetu akiuliza, "Wapi? Nisukume wapi?" mpaka nikaishika mikono yake nikaibandika kwenye bati. Bwana Iddi akahesabu moja, mbili, tatu. Mbao zikalia, mchanga ukaturukia machoni, na basi likachomoka kwa kishindo, likapanda ukingo, likasimama katikati ya kijiji likipiga honi bila kukoma.

"Limepita?" bibi aliuliza.

"Limepita, bibi!"

Akaniambia nimpeleke alishike. Alipapasa taa za mbele, akapapasa boneti ya moto, akaja akagusa mkono wa mtu. "Shikamoo, bibi," Bwana Iddi alisema.

"Marahaba. Ndiye wewe uliyetutupa?"

"Si mimi, bibi. Ni korongo."

"Unageuza lini?"

"Saa tisa, Mungu akipenda."

"Basi na mimi nimo," bibi alisema, akaniambia nikamletee kanga yake mpya.

Usiku ule watu wa Mchangani walilala na mikeka imetundikwa milangoni, lakini mimi, mama na bibi tulikuwa mjini. Jumatatu alipasuliwa jicho la kwanza. Jumanne muuguzi alipotoa bendeji nilisimama mbele yake. Bibi alipepesa, akanitazama kwa muda mrefu, akanishika kidevu. "Mbona una meno makubwa namna hii?" akasema, na machozi yakaanza kumtoka, muuguzi akamkataza asilie. Jumatano tukarudi kwa basi. Tulipofika korongoni alimwomba Bwana Iddi asimamishe, akashuka, akavuka mawe kwa miguu yake mwenyewe bila kushika bega la mtu, akiyaangalia moja moja.

Leo pale pana daraja la zege na lami imefika ufukweni. Magari yanapita mwaka mzima, hata mvua ikinyesha mawe. Mama mjamzito hasubiri tena Mei mvua zikatike, na sitamani hata siku moja turudi kule. Binti yangu alikwenda Desemba iliyopita akasinzia njia nzima, hakujua alipovuka. Namshukuru Mungu kwa usingizi huo. Ila nimeona kwamba sisi tunaopata usafiri kila siku tumesahau kuwa usafiri huletwa na watu. Mwezi uliopita basi la wafanyakazi lilinasa kwenye tope hapa Mtumba. Tulikuwa watu zaidi ya thelathini, tumeshuka, tumesimama pembeni, kila mmoja na simu yake, wengine wanarekodi. Dereva alizunguka gari peke yake. Nilivua viatu, nikakunja sketi, nikaenda kuweka bega nyuma ya basi. Dada mmoja wa masjala aliniuliza kwa mshangao, "Dada, unafanya nini?"

"Nasukuma," nilimwambia. "Njoo ushike hapa."

Alicheka. Kisha akatazama huku na huku, akampa mwenzake mkoba, akaja.