Darubini ya bunduki kubwa ilivyovunjwa na bunduki ya upepo, shangazi akadhani anapofuka

Wakuu, habari za jioni. Hili lilinitokea mwenyewe na nalileta kama lilivyokuwa.

Ni miaka ya tisini. Nimemaliza chuo, ajira hakuna, nimerudi Ndandalo kwa shangazi yangu. Biashara ilikuwa imefunguliwa, maduka ya Kyela mjini yamejaa vitu ambavyo hatujawahi kuviona.

Shangazi alikuwa mjane mwenye shamba la kakao na bunduki ya upepo, ile ya springi unayoikunja katikati. Kabla hamjauliza: kibali alikuwa nacho.

Kindi walikuwa wanatoboa kakao. Shangazi anakula ndizi, anaiweka chini, anafyatua, kindi anaanguka, anaendelea na ndizi yake. Sijaona tena mtu mtulivu namna ile.

Nikataka kumshukuru kwa kunilisha. Dukani kwa Mzee Athumani nikaona darubini ya kulengea, scope.

"Hii imekaa kwenye bunduki ya kuulia nyati," akaniambia, akaigonga juu ya meza. "Hiyo yenu ya upepo itaifanya nini?"

Nikainunua, nikatafakari njiani mpaka nyumbani, nikaona ana hoja. Kilichohimili kubwa kitashindwaje na ndogo?

Shangazi alifurahi mno. "Ndaga, asante baba! Naona mpaka masharubu ya kindi!"

Kisha akaanza kukosa. Leo anakosa, kesho anakosa. Kindi wakamzoea.

Asubuhi moja akasema, "Kesho twende tukabadilishe kibali, bunduki achukue jirani. Macho yangu basi. Mama yetu, bibi yako, alianza hivihivi, akaishia kushikwa mkono."

Wakuu, nilikonda. Nikawaza labda zawadi yangu ndiyo imemuumiza macho.

Na nilikuwa na siri. Nilishawahi kuchungulia ile darubini, nikaona msalaba wa kulengea ulio ndani umelala upande. Nikajua ni macho yangu, nimeyamaliza kwa kusomea koroboi. Nikawa najipima kimyakimya, nasoma maandishi ya kiberiti nikiwa mbali.

Siku ya kwenda kwenye kibali, shangazi akawa anaifuta bunduki kwa mafuta. Akasema taratibu, "Ule msalaba hautulii. Umelala kama mlevi."

"Shangazi, hata wewe?"

"Hata mimi nini?"

"Hata mimi naona umelala."

Akaacha kufuta. "Tangu lini?"

"Wiki iliyopita. Nilidhani macho yangu."

"Mpumbavu wewe! Nimelia humu ndani peke yangu!" Kisha akacheka mpaka akakaa chini.

Tukaifungua darubini kwenye bunduki. Ukiitikisa, kitu kinalia ndani kama punje ya mahindi.

Mwingine angeishia hapo. Mimi nikaona mkwaruzo kwenye reli, pale juu ya bunduki darubini inapokazwa: darubini ilikuwa imeteleza kuelekea jichoni. Nikasumbuka. Bunduki ikirudi nyuma, darubini si ingeachwa mbele?

Nikaweka gunia la pumba, shangazi akalaza bunduki juu yake na kufyatua, mimi nimesimama ubavuni. Ilirudi nyuma, halafu ikachupa mbele. Pistoni inayosukumwa na springi ikifika mwisho inagota, bunduki nzima inasukumwa mbele.

Hapo nikaelewa recoil yake, yaani teke lake. Bunduki kubwa hupiga teke la upande mmoja, na darubini yake imekazwa kwa teke hilo. Ya springi hupiga mawili, la pili kinyume, na hilo ndilo linalong'oa vioo. Nilibaki naishangaa. Kumbe kitu cha kuulia kindi kina ukali huo!

"Basi hicho kichuma ni kikorofi," shangazi akasema. Akaichukua bunduki bila darubini, kama zamani, akaenda kwenye mikakao. Nikamfuata, roho mkononi.

Mlio mmoja. Kindi chini.

Hata hakumwangalia. Alisimama anatazama mbali, anataja kila anachokiona. "Bati la kanisa, lile. Mgomba wa Mama Neema, una mkungu. Ng'ombe wa jirani, yule... we! Kamba imekatika, anaingia kwenye mpunga wangu!"

Akakimbia, mama mtu mzima, anapiga kelele kwa furaha.

Nilichojifunza: ukinunua darubini, uliza kama imetengenezwa kwa bunduki ya springi, usiulize imewahi kukaa kwenye nini. Na ukiona msalaba umelala, mwambie wa pembeni yako siku hiyohiyo.

Wenye bunduki za upepo, zenu zinadumu na darubini gani? Na yupo aliyewahi kuficha ugonjwa asiokuwa nao, au ni mimi na shangazi tu?