Sufi ya Dadi wa Kerege

Kama ulipita Kerege mwanzoni mwa miaka ya sabini na usisikie habari za sufi ya Dadi, basi ama ulipita umelala, ama wewe ni kiziwi, shauri yako.

Dadi Salumu alikuwa kibarua huko Dar es Salaam, kwenye kiwanda cha mabati ya asbesto, yale ya kijivu yaliyoezekea shule na maghala. Kazi yake ni kuchana magunia ya asbesto yenyewe, nyuzi nyeupe laini, na kuzimwaga ndani ya pipa zichanganywe na saruji. Jumatatu alfajiri anapanda basi kwenda kazini, Jumamosi mchana anarudi kwa mkewe, mweupe kuanzia kope mpaka kandambili, anakohoa kidogo na kucheka sana. Kikohozi chenyewe alikiita "salamu ya kazi".

Sasa, mwaka ule msufi wa uani kwake ulikataa kuzaa. Hata kitumba kimoja! Na mtu wa pwani umlaze juu ya mto wa majani makavu, atakusema mpaka kaburini. Dadi akatazama zile nyuzi zinazofagiwa kila jioni kiwandani, akamwuliza msimamizi kama anaweza kuchukua. Msimamizi akamwambia, "Chukua hata zote, utatupunguzia kazi."

Basi akabeba gunia zima. Mkewe, Mwanvita, akashona mito, na Dadi akaanza kutamba. Akikuta watu wanakunywa kahawa anachomoa kipande mfukoni, anakitupa juu ya makaa, anangoja. Kipande hakiungui. "Mmeona? Sufi yenu ikiona cheche tu, kwaheri. Na kunguni akiingia humu ndani, anatoka mwenyewe anaomba talaka!"

Mito minne aliigawa. Mmoja kwa Mzee Mwinjuma, jirani aliyebishana naye tangu wote wawili wanatembea bila nguo. Mmoja kwa Bi Tabia mkunga, miwili kwa mwalimu wa madrasa, maana mwalimu ana wake wawili na Dadi hakutaka kuleta fitina. Masalio yakajaza kigodoro kidogo cha kitambaa cha maua. Binti yake Mwanahija, aliyeolewa Dunda mjini Bagamoyo, alikuwa amerudi kwao kujifungua mtoto wa kwanza kama ilivyo desturi, na tumbo limeshashuka. Mjukuu wa Dadi alale juu ya majani? Thubutu!

Jumamosi moja likaja kiwandani gari la kupiga picha za vifua. Alikuja nalo daktari, kijana wa Pangani, mpole, pua na mdomo kavifunika kwa kitambaa. Dadi alikuwa amejibandika ndevu za asbesto kidevuni kuwachekesha wenzake, mchezo wake wa kila siku.

"Vipi, daktari, tunanuka?"

Wenzake wakacheka. Daktari hakucheka hata kidogo.

"Shikamoo, mzee. Toa hizo ndevu. Taratibu, usizipulize."

Kisha akawaeleza wote pale pale, kwa Kiswahili cha kueleweka. Nyuzi hizi zikikatikakatika zinakuwa ndogo hata jicho halizioni. Mtu anazivuta na pumzi, zinaingia mapafuni, zinakaa. Hazitoki kwa kukohoa, wala kwa maziwa, wala kwa dawa. Leo huumwi, kesho huumwi. Ikipita miaka ishirini, thelathini, pumzi inaanza kuwa fupi, na wengine wanapata saratani.

Dadi akauliza, "Na mtu akizilalia?"

"Nani anazilalia?"

Dadi akainua macho kwenye paa.

"Mzee," daktari akasema, "kama yuko mtu anazilalia, amke leo hii. Na akiwa mtoto mchanga ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu mbele yake ana miaka mingi ya ugonjwa kumngojea."

Njia nzima ndani ya basi Dadi alijiinamia, mpaka kondakta akamwuliza kama amefiwa. Alikuwa na hofu ya kweli kweli. Huenda mtoto amekwisha zaliwa, huenda hivi sasa wanamlaza.

Alipofika uani hakupiga hata hodi. Akapita moja kwa moja chumbani, akamkuta Mwanahija amekaa, tumbo bado liko, alhamdulillahi! Akakwapua kigodoro akatoka nacho.

"Wewe mwanamume, una nini?" Mwanvita akauliza.

"Kina kunguni."

"Kunguni? Si wale wanaoomba talaka?"

Uongo ukamfia mdomoni. Akamweleza. Mwanvita akaingia ndani, akatoka na mito ya kitandani kwao, kaishika mbali na mwili.

Bi Tabia na mwalimu walirudisha mito yao bila maneno. Mzee Mwinjuma? Mtume! Akasimama kuziba mlango.

"Zawadi hairudishwi, Dadi. Umenipa mbele za watu, leo umesikia mwenzako analala vizuri, roho inakuuma."

"Nipe, Mwinjuma, nakuomba."

"Sikupi."

Dadi akatazama huku na huku. Watu walikuwa wanatoka kuswali alasiri, wale wale aliowatambia. Akavuta pumzi, akasema kwa sauti: "Nimewapa sumu, jamani. Sikujua. Nilijiona fundi kumbe mjinga. Nisameheni, na mto wangu nipeni."

Mwinjuma akanywea. Akaingia ndani, akatoka ameukumbatia mto kifuani kama mtoto.

"Usiukumbatie!" Dadi akapiga kelele, na watu wote wakaangua kicheko, Mwinjuma mwenyewe akicheka.

Walivilowesha vyote kwa maji vumbi lisiruke, wakavifukia kwenye shimo refu nyuma ya ule msufi mvivu. Dadi akaoga, akavaa msuli, akakaa barazani roho imetulia. Kila alichogawa kimerudi. Mjukuu atalala juu ya khanga za bibi yake.

Ndipo akasikia nyuma yake: pah! Pah! Mwanvita alikuwa amesimama uani na shati la kazi la mumewe, analikung'uta kabla ya kulifua, kama kila Jumamosi tangu alipoanza kazi ile. Vumbi jeupe likampita usoni. Akageuza uso, akakohoa kidogo.

"Mwanvita! Acha!"

Akaacha. Akalitazama shati mkononi, akamtazama mumewe, akaelewa. Dadi alikuwa amesimama machozi yanamtoka, yeye Dadi.

"Daktari alisema miaka mingapi?"

"Ishirini. Thelathini."

Mwanvita akahesabu kwa vidole, polepole, kuanzia shati la kwanza. "Nimekung'uta miaka kumi na moja. Basi tunayo tisa kwa uchache. Huyu mjukuu tutamwona anasoma juzuu." Akalishusha shati chini taratibu. "Haya, usinisimamie hapo. Lete ndoo ya maji."