Ndigana Kari

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na nyumbani Nyarero wananijua hivyo. Kwa hiyo mkuu wa Idara ya Mifugo aliposema mbele ya kikao kizima kwamba tovuti yangu ni nyumba ya kupanga isiyo na wageni, niliuma meno nikanyamaza. Hilo lenyewe lilikuwa ajabu.

Zamani pale chuoni ninapofanya kazi kila idara ilikuwa na tovuti yake. Nyingine zilishakufa, nyingine bado zilikuwa na picha za wakuu waliokwisha kustaafu. Nikaunda tovuti moja ya pamoja: kila idara inapewa kurasa zake na kuandika mambo yake, lakini mtambo ni mmoja, na wa kuutunza ni mmoja, yaani mimi. Idara zikahamia moja moja, nyingi kwa kununa. Mifugo ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Mkuu wake, profesa mzee anayesahihisha hata barua za mwaliko wa harusi, alikuwa ameweka humo mwongozo wa magonjwa ya ng'ombe kwa Kiswahili chepesi, ili wafugaji wa Tarime na Serengeti wausome kwenye simu. Ulikuwa mwongozo mzuri, sitamnyima haki yake. Shida ni kwamba hakuna aliyeusoma.

"Ijumaa nina mkutano na wafugaji Issenye, kule Serengeti," akasema. "Nitawaambia waufungue mbele yangu. Wasipoupata, naondoka na kurasa zangu."

Mkurugenzi wetu akanivuta pembeni na kuniambia bila kuzunguka: Mifugo wakitoka, na wengine watatoka, na huduma itafungwa. Miaka miwili ya maisha yangu ilikuwa mle ndani. Nilitoka kikaoni sioni mbele.

Nilikuwa na likizo ya siku chache, nikaenda nyumbani kutuliza kichwa. Kaka yangu mkubwa ni mfugaji, nikamkuta zizini. Baada ya shikamoo na habari za mashamba, nikafungua ile tovuti kwenye simu yake na kumrudishia. "Kaka, hebu nitafutie humu ndigana kali." Huo ni ugonjwa wa kupe, na kwetu sijui mfugaji ambaye haujamwulia ndama.

Akaandika kwa kidole kimoja, akitamka kila silabi. Kisanduku cha kutafutia kikajibu: Hakuna matokeo.

"Ndiyo maana nasema vitu vya chuo ni mbwembwe tu," akasema.

Nikamnyang'anya simu. Alikuwa ameandika ndigana kari.

Nilicheka. Kisha kicheko kikakatika. Sisi Wakurya l hatunayo, ulimi unaikwepa na kuweka r. Tunakura ugari, tunarara mapema, na ukivuka kwenda Serengeti, Waikoma na Wanata wana mchezo huo huo. Kaka aliandika neno kama anavyolisema tangu alijue. Nikakimbilia kompyuta, nikaunga intaneti ya simu, nikafungua orodha ya maneno ambayo watu waliyatafuta wasipate kitu. Jamani! Ndigana kari. Dariri za ndigana. Ndama anarara tu. Ng'ombe hataki kura. Ukurasa baada ya ukurasa, r tupu.

Kumbe wageni walikuwa wakija! Walikuja wengi, wakapiga hodi, na tovuti yangu, mimi binti wa Nyarero, ikawafukuza kwa herufi moja. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Kule chuoni nilikuwa nimejizoeza kusema l vizuri hadi nikasahau kuwa nyumbani hawaitumii.

Mchana ule ule nikakaa kwenye kigoda nje ya nyumba ya kaka, nikakifundisha kisanduku kwamba kikiona r kitafute na l, na kikiona l kitafute na r. Na kwa kuwa mtambo ni mmoja, marekebisho yale yakaingia kwa idara zote papo hapo. Nikamrudishia kaka simu yake. Akaandika tena vile vile, na ukurasa wa ndigana kali ukafunguka na picha zake.

"Ehee!" akasema. "Sasa hii ina akiri."

Sikumpigia profesa. Nilitaka aone kwa macho yake.

Ijumaa nilipanda gari la alfajiri, kisha bodaboda. "Mura, twende, nachelewa," nilimwambia kijana dereva, na kweli tulikwenda. Issenye tuliwakuta wafugaji wamekaa karibu na josho la ng'ombe, na profesa ndiyo kwanza anasimama.

"Binti, umekuja kuaga?" akaniuliza.

"Shikamoo profesa. Nimekuja kuangalia."

Akawageukia watu. "Wenye simu za kupangusa, zitoeni. Tafuteni ndigana kali. Asiyeona kitu aseme wazi."

Mbele alikaa mama mmoja aliyevaa gambuti. Akaanza kuandika. Profesa akainama begani kwake.

"Mama, umekosea, hapo si r, ni—"

Hakumaliza. Ukurasa ulikuwa umefunguka.

"Ninao!" akaita mzee wa nyuma. "Na mimi!" "Na huku!" Profesa akatoa simu yake, akaandika kwa r makusudi, mara mbili, akatazama, akaikunja miwani.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi."

"Kwa idara yangu?"

"Kwa idara zote. Ukihama, unakiacha kisanduku hiki hapa." Nilisema hivyo kwa raha kabisa, siwezi kudanganya.

Kabla hajanijibu, yule mama alikuwa akisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari: matezi chini ya masikio huvimba, joto hupanda, ndama huacha kunyonya. Akausoma tena kimoyomoyo.

"Ndama wangu yuko hivi," akasema. "Tangu jana."

Hakungoja hotuba. Daktari wa mifugo aliyefuatana na profesa akabeba mkoba wake, yeye na yule mama wakapanda bodaboda niliyokuja nayo, wakatokomea kwenye vumbi. Profesa akasimama akiwatazama. Kisha akampigia mkurugenzi simu, kwa sauti ya kusikika na kila mtu pale joshoni.

"Mifugo inabaki," akasema. "Na mkuu wa idara atakayetaka kutoka, aje aongee na mimi kwanza."

Nikakaa chini kwenye majani. Lakini sikuweza kufurahi kikamilifu, nilikuwa na yule ndama kichwani. Mkutano ukaendelea, maswali yakaulizwa, chai ikaletwa, na mimi macho yangu yalikuwa barabarani.

Saa kumi daktari akarudi peke yake, suruali imejaa matope.

"Sindano nimechoma," akasema. "Mama angengoja hadi kesho, ndama tungemzika. Tumemuwahi."

Nilipiga kigelegele palepale, mbele ya profesa na wazee wote, na wanawake wa Issenye wakanipokea.