Dume Hana Kosa

Mwaka wa sabini na nne, nilipokuwa na miaka tisa, ndipo nyumba yetu ilipoanza kuvunjika, na mpaka leo nikisikia kengele ya mti ikigonga shingoni mwa mbwa, naacha ninachofanya nisikilize inaelekea wapi. Sisemi kengele ya kanisani. Ni kigogo kilichotobolewa, ndani yake vipande vya mfupa vinagonga, ko-ko, ko-ko, ili mwindaji ajue mbwa wake yuko wapi katika majani marefu. Maana mbwa wetu hawakubweka. Walikuwa wadogo, wekundu, wa kutoka upande wa Beni, Kongo, masikio yamesimama, mkia umejiviringa mgongoni kama konokono. Mgeni akifika nyumbani waliinuka wakamtazama tu, na mgeni alirudi nyuma mwenyewe.

Tulikaa Kisinga, upande wa Uganda, chini bondeni, mahali ambapo nguruwe mwitu wakiingia katika muhogo wako, asubuhi unakuta mashimo na harufu yao. Mwenye mbwa wazuri alivuna. Asiye nao alienda kuomba kwa mwenye nao. Baba yangu hakuwahi kuomba, kwa sababu alikuwa na Kapita.

Kapita alikuwa dume. Baba alimpa jina la msimamizi wa kazi, na kweli alitusimamia sisi sote. Nyama ikiiva, baba alikata ya Kapita kwanza, halafu ya wageni, na sisi watoto tukatafuta yetu katika mchuzi. Mama alicheka, akasema, "Mi niliolewa na bwana, kufika hapa nikakuta bwana iko na bwana yake!" Mama alikuwa Mkongo wa karibu na Butembo. Kiswahili changu cha kwanza nilikinywa kwake, kwa hiyo mkiona ninapinda maneno, mjue nilipoyatoa. Shule niliishia darasa la tatu, na sioni haya kulisema.

Darasa langu lilikuwa baba. Kabla ya kwenda mawindoni alimshika kila mbwa taya, akainua mdomo kwa kidole gumba, akatazama fizi. Fizi nyekundu, mbwa anafungwa kengele. Fizi nyeupe, anabaki nyumbani, atazimia njiani awape watu kazi ya kumbeba. Alinifundisha mimi, msichana, kwa sababu mtoto wake wa kiume hakuweza kazi hiyo.

Mtoto huyo aliitwa Baluku, mdogo wangu, mwana wa kwanza wa kiume. Baluku alizaliwa mzuri. Alipoanza kutembea, mikono na miguu yake ikaanza kuvimba, akalia mifupa inamuuma, macho yakawa ya njano kama mafuta ya mawese yaliyokaa sana. Mama alimfunga mgongoni akampeleka hospitali ya misheni, akaongezewa damu, akarudi anacheka. Baada ya muda, tena. Tulizoea njia ile mpaka waendesha baiskeli wakamjua kwa jina. Mchana mama alimkanda magoti kwa maji ya moto na kumwimbia, na mtoto alijifunza kulia bila sauti, kama mbwa wetu.

Wakati huohuo jike wetu, Mwezi, alizaa kwa Kapita. Watoto wao walinyonya vizuri, wakakua, wakacheza. Walipofika umri wa kujifunza kukimbia na wakubwa, wengine wao wakaanza kulala chini katikati ya mchezo, ulimi nje, mbavu zikipanda na kushuka. Niliinua midomo yao. Fizi zilikuwa nyeupe kama ugali wa muhogo.

Siku moja Baluku amelala juu ya mkeka, mimi nikamshika taya, nikainua mdomo wake kwa kidole gumba, kama nilivyofundishwa. Nilikimbia kwa baba, akiwa amekaa na dada yake, shangazi yangu, wanakunywa pombe ya ndizi.

"Baba, Baluku ana fizi kama za watoto wa Mwezi."

Kofi lile nalisikia mpaka leo. "Unafananisha mtu na mbwa?" Na shangazi akaweka kibuyu chini, akasema polepole, "Mwache. Mutoto amesema kitu. Damu ya huyu kijana inaenda wapi? Inaisha kila siku, na mama yake iko munene tu, anang'aa."

Hivyo tu. Neno lilipotoka halikurudi. Mama hakuwa mnene, alikuwa na mimba iliyotoka baadaye. Lakini alikuwa Mkongo, na kwetu mtoto akiugua hivyo, watu hutafuta mchawi, na huanza na aliyetoka mbali. Ukoo wa baba ni ukoo safi, walisema, tangu mababu hakuna mtoto aliyekauka hivi. Wazee wakakaa kuamua. Baluku akafa kabla hawajamaliza kukaa. Tulimzika nyuma ya nyumba, na shangazi hakumruhusu mama kugusa udongo.

Watoto wagonjwa wa Mwezi nao wakafa, mmoja leo, mwingine kesho. Baba aliwatupa kichakani. Akasema Mwezi ana laana.

Sasa sikilizeni jinsi baba yangu alivyofanya. Alikuwa mtu asiyependa kwenda safari mbili kwa kazi ya safari moja. Siku ya soko la Bwera tulipanda juu ya lori la pamba, yeye, mama na beseni lake la nguo, Mwezi na kamba shingoni, na mimi wa kushika kamba. Sokoni alimpata mfanyabiashara wa Beni, mtu wa rozari shingoni na kofia ya majani. Yule mtu akamgeuza Mwezi, akainua mdomo wake.

"Fizi iko muzuri. Mbona unamuuza, papa?"

"Anazaa wafu."

"Na dume?"

"Dume hana kosa," baba akasema. "Dume ninamjua."

Yule mtu alicheka, akamchukua. Halafu tukatembea mpaka darajani, mahali Uganda inapoishia. Baba akamwambia mama, "Kwenu ni pale." Mama aliweka beseni kichwani. Akanishika shavu kwa upande wa nje wa mkono, si kwa kiganja, akasema, "Masika, mi sikumukula ndugu yako. Unanisikia? Sikumukula." Akavuka. Nilikuwa na kamba tupu mkononi na sikujua niipeleke wapi.

Nyumbani baba akaoa mwanamke mwingine, wa huku kwetu. Sina la kumlaumu mama mdogo yule. Alinilisha sawa na wake. Akazaa, akazaa tena, watoto wenye mashavu, wasiougua hata mafua. Shangazi alikuwa akija kuwahesabu kwa sauti uani, majirani wasikie. Ushahidi gani mwingine walitaka? Mwanamke amebadilishwa, watoto wamepona. Hata mimi, nawaambia ukweli, nilianza kuamini.

Lakini mbwa walikataa kuamini. Baba alikuwa amebakiza binti mmoja wa Mwezi, mzima, mwenye fizi nyekundu. Akampa Kapita, baba yake mwenyewe, maana hakutaka damu ya nje iharibu mbwa wake. Sisi watu wa ukoo, ambao kijana wetu hawezi kumtazama mara mbili msichana wa ukoo wake, mbwa tuliwafungia ndani ya damu moja tukaita usafi. Watoto wakaja, na wengine wakalala chini katikati ya mchezo.

Niliuliza mara moja tu. "Baba, Mwezi hayuko. Na Kapita je?"

Safari hii hakunipiga. Alinitazama, akasema, "Nenda ukachote maji."

Kapita alikufa kwa uzee, amelala jikoni kwenye majivu ya moto. Hakukuwa na dume mwingine, nguruwe wakarudi, na baba akaanza kuomba kwa wenye mbwa.

Mimi niliondoka mapema. Niliuza samaki wa ziwani Kahendero, wabichi na wa kukaanga, nikawauza kwenye daraja la Katunguru kwa watu wa magari makubwa, nikanunua mbwa. Watu walicheka. Mpaka leo vijana wa bodaboda Bwera wananiita Mama Mbwa. "Mama Mbwa, umezaa wangapi wiki hii?" Nawajibu, "Wote wana akili kuliko wewe." Wanacheka, lakini wakiibiwa wanakuja kwangu kutafuta wa kulinda.

Mama nilimtembelea nilipopata nguvu ya kuvuka. Alikuwa analima kwa dada yake. Nilimpelekea mtoto wangu wa kwanza. Nikamnyooshea ambebe. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Muweke pale kwa mukeka. Nitamuona na macho."

Nilikasirika. Nilisema moyoni, mwanamke huyu amekuwa jiwe. Nilimchukua mtoto wangu nikarudi Uganda siku hiyohiyo. Dada yake aliniambia baadaye kwamba tangu alipovuka daraja hakuwahi kumbeba mtoto wa mtu yeyote, na akimpa mtoto chakula alikiweka chini kwanza, mtoto akiokote mwenyewe. Mama alizikwa huko. Nilifika siku ya tatu.

Alikuwa tayari kaburini nilipopata mbwa wekundu wengine wa Beni, dume na jike, wote fizi safi. Wakazaa. Na mmoja wa watoto akalala chini katikati ya mchezo. Mnajua nilifanya nini? Nilimfunga jike kamba. Nilikuwa nampeleka sokoni. Daktari wa mifugo akanikuta njiani, kijana wa Kiislamu wa Kasese mjini, mtoto wa mwenye malori.

"Mama, huyu anakwenda wapi?"

"Anazaa wafu."

"Na dume?"

"Dume hana kosa," nikasema. Sauti ilikuwa ya baba yangu, nilitaka kugeuka nione kama amesimama nyuma.

Daktari hakucheka. Turudi kwako, akasema. Uani nilikuwa nimeanika maharagwe. Akachukua mekundu na meupe. Kila mbwa, akasema, ana maharagwe mawili ya damu, moja la baba, moja la mama. Jekundu ni zima, jeupe ni bovu. Mwenye jekundu moja na jeupe moja anakimbia, anawinda, fizi nyekundu, hata mimi daktari siwezi kumjua kwa macho. Akaweka dume na jike, kila mmoja na jekundu na jeupe. Akachagua moja huku na moja kule. "Huyu mzima. Huyu mzima ila amebeba jeupe. Na huyu," akaweka meupe mawili pamoja, "huyu ndiye anayelala chini."

"Na dume huyo akipewa jike mwenye mekundu matupu?"

"Watoto wote watakimbia, mama. Na watu watasema dume hana kosa."

Nilikaa chini. Niliuliza kama watu nao wana maharagwe. Akasema wanayo, na ugonjwa wa selimundu, ambao kwetu wanauita sikoseli, unakwenda njia hiyohiyo: mifupa, macho ya njano, damu inayoisha. Nikamwambia aondoke, aje siku nyingine. Alielewa, akaenda.

Nilimpelekea baba maharagwe yale katika kitambaa. Alikuwa mzee sana, macho hafifu, akayapapasa kwa kidole gumba kilekile. Nilimweleza kama nilivyoelezwa.

"Basi ilikuwa mimi?"

"Ninyi wawili. Na hakuna aliyejua."

Aliyafunga maharagwe tena katika kitambaa. Kisha akasema, "Basi hata Mwezi nilimuuza bure."

Nilingoja ataje mama. Nilingoja sana. Alikufa mwaka uliofuata, hajamtaja, na katika vitu vyake nikaikuta kengele ya Kapita.

Nilipima damu yangu. Mimi nami nimebeba jeupe moja, sijui kutoka kwa baba au mama, na watoto wangu wote niliwavuta kwa sikio wakapime kabla ya harusi. Wakwe wengine walinuna. Wanune.

Leo nina nyumba ya matofali Kisinga, yenye mabati. Nina shamba la kahawa na muhogo. Nina banda la mbwa la saruji na waya. Nina madume na majike ambao kila mmoja najua baba yake na bibi yake, na watoto wao wanalinda maduka Kasese na mashamba mpaka Butembo. Nina pikipiki. Nina makaburi mawili niliyoyajengea, moja nyuma ya nyumba, moja ng'ambo. Nina kengele ya mti, haifungwi kwa mbwa yeyote. Na nina jike mmoja mwekundu, mzee, yule niliyemfunga kamba. Sikumuuza. Hazai tena. Nyama ikiiva, yeye anakula kwanza.